Ijumaa Nne na Uso wa Mama

Kabla ya kusema la mama niseme langu kwanza, maana asiyenijua anaweza kudhani yaliyonipata yalimpata mjinga. Mimi si mjinga. Shule niliiacha darasa la tatu, sikatai. Lakini niliingia Dubai na mfuko mmoja wa plastiki, nikabeba magunia kwenye gati za Deira mpaka mabega yakaota sugu, na leo ofisi ya kusafirisha mizigo yenye jina langu mlangoni ni yangu mimi, si ya mtu. Nyumba yangu ya Mirdif ina sebule ambayo wageni wakiingia huinua macho kutazama dari kwanza, ndipo wakaamkia. Haya yote nimeyapata bila kuweza kusoma barua mpaka mwisho. Nimeyapata kwa jicho.

Nieleze nieleweke. Mizigo inayotoka Deira kwenda Mombasa, Unguja, Berbera na Kismayu hupita mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakusoma, kama mimi. Kwa hivyo kila mwenye mali ana alama yake, hupakwa kwa brashi juu ya katoni. Mwengine nyota, mwengine nanga, mwengine vidole vitatu. Mimi nilianza kupanda kwa kuwapakia watu alama zao, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi. Yangu mwenyewe ni jogoo mwekundu. Namchora kwa mstari mmoja, siinui brashi, kutoka kishungi mpaka mkia. Ukisema "mzigo wa jogoo" pale Mombasa hakuna atakayekuuliza wa nani. Na ukinipangia katoni mia, nitakutajia wenyewe mmoja mmoja nikipita kwa miguu. Nilikuwa nikijisifu hivyo mbele za watu: jicho langu likishaona kitu mara moja, khalas, hakitoki.

Basi siku moja, ule mnara mrefu kuliko yote duniani ulikuwa umeshafunguliwa kama miaka mitatu minne hivi, binti yangu wa mwisho akarudi na kazi ya shule. Mwalimu wao wa uchoraji aliwaambia wachore ukoo, kila mtu na uso wake. Akaja kunionyesha sebuleni. Mimi alinichora na tumbo kubwa kuliko ninalostahili. Baba yangu alimtoa kwenye picha ya pasipoti niliyoiweka kabatini, na kofia yake na yote. Kando ya baba palikuwa na leso nzuri ya maua, imezunguka kitu kama yai. Ndani ya yai hamna macho, hamna pua.

"Baba, bibi alikuwaje?"

"Mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Mzuri tu. Mama yangu mimi, ataachaje kuwa mzuri?"

"Pua yake kama yangu au kama yako?"

Nikamwambia aende akanywe maziwa.

Mama alifariki nikiwa na miaka saba, katika mji mdogo kaskazini ya Malindi. Alikuwa mtu wa ndani. Akitoka, alitoka na buibui, uso umefunikwa. Mpiga picha wa mji wetu alikuwa mwanamume, na wanaume wa nje hawakumwona mama uso, sembuse kamera zao. Mara moja tu mpiga picha aliruhusiwa kuingia uani, siku ya harusi ya dada yangu mkubwa. Wanawake wakajipanga. Mama alipoona kile chombo kimeinuliwa akajificha nyuma ya mgongo wa shoga yake. Kwenye picha hiyo umeonekana mkono wake, umeshika upepeo wa ukili. Vidole vitano na bangili moja. Huyo ndiye mama yangu kwenye karatasi, hakuna mwengine.

Nilipiga simu nyumbani kuuliza nani bado yuko hai aliyemjua mama uso kwa uso. Niliambiwa watatu. Mmoja hawakumbuki tena wanawe. Wa pili alihamia bara na hajulikani aliko. Wa tatu ni dada yangu.

Dada amenipita miaka kumi na minne. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama, nikalala kitanda kimoja na mwanawe wa kwanza, nikala sahani moja naye. Nilipompigia hakunipa nafasi ya kuuliza.

"Mdogo wangu, macho yananiacha. Sukari imeyala. La kushoto limeshakuwa moshi mtupu, la kulia naona kama natazama kwa tundu ya ufunguo."

"Nakuleta Dubai, dada. Huku kuna madaktari."

"Huko mbinguni?" akacheka. "Haya, nilete. Nikaione hiyo dari yako watu wanayoisema."

Niseme kweli, kwa sababu nikisema uongo hapa sina haja ya kusimulia. Sikufikiria kwanza macho yake. Nilifikiria uso uliokuwa nyuma ya macho hayo. Dada akishapofuka, hapatakuwa na mtu chini ya jua wa kutazama picha ya mama na kusema: ndiye, au siye. Na mimi nilitaka picha hiyo. Niliitaka kwa fremu ya dhahabu, sebuleni, mahali ambapo mtu akiingia akimaliza dari akutane na mama yangu. Kutafuta viza na miadi ya hospitali kulichukua wiki nne. Nikasema, kabla hajatua, picha itakuwa ukutani.

Mwenyewe nilijaribu kwanza. Niliketi ofisini mchana, nikafunga mlango, nikachukua penseli. Mkono ukatoa jogoo. Nikageuza karatasi, nikaanza kwa paji la uso, nikashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na nilipofika kwenye macho mkono ukasimama wenyewe. Nikaitupa karatasi.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi. Alikuwa Mtanzania wa Tanga, wa makamo kama mimi, mchana anapaka rangi majumba ya kampuni ya ujenzi, na Ijumaa, siku yake ya pekee ya mapumziko, anawachorea wenziwe picha katika chumba cha vitanda vinane huko Deira. Mtu humletea pasipoti, yeye humvalisha suti na kumsimamisha mbele ya bustani, picha ikatumwa kwao. Wengine humletea marehemu wao. Kazi yake nilipoiona nikajua nimefika. Watu wake walikuwa wanapumua.

"Lete picha, bosi," akasema.

Nikampa ile ya harusi. Akaisogeza dirishani.

"Yupi?"

"Huo mkono."

Akanitazama kama mtu anayengojea nicheke. Sikucheka.

"Bosi wangu, mimi natoa sura kwenye sura. Sijawahi kutoa sura kwenye mkono."

"Sura iko hapa," nikajigonga kichwa. "Wewe uliza, mimi nitajibu. Jicho langu halisahau."

Akavuta kitambaa alichokiwamba kwenye mbao, akakaa juu ya kitanda cha chini, akaanza. Uso mrefu au wa mviringo? Wa mviringo. Nyusi? Nyembamba. Mashavu? Yamejaa, na akicheka hili la kulia hubonyea. Meno? Kuna mwanya hapa mbele. Nilikuwa nikijibu haraka haraka, kama karani anayesomewa orodha, na kadiri nilivyojibu ndivyo nilivyozidi kuona. Niliona jasho dogo juu ya mdomo wake. Niliona mwanga wa moto shavuni. Wenye vitanda vingine wakageuka kunisikiliza. Mmoja akasema, "Mzee huyu ana kumbukumbu," na mimi nikatabasamu.

Ijumaa ya tatu fundi alinigeuzia picha. Nilikaa chini kwenye kitanda cha mtu nisiyemjua, na nikalia. Mtu mzima, mwenye ofisi, nimefunika uso kwa kilemba changu. Yule mwanamke alikuwa ananitazama kama alivyonitazama zamani, kwa huruma yenye kicheko ndani yake. Nikamwambia fundi aombe chochote. Akaomba rangi nzuri za mafuta, maana za kwake zilikuwa zinakauka kwenye chupa.

Dada alifika Jumatano. Nilimpokea uwanja wa ndege, akanishika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu na jicho lake la kulia kama anayesoma maandishi madogo.

"Umenenepa," akasema. "Alhamdulillahi."

Alhamisi asubuhi tukaenda hospitali. Daktari alieleza, muuguzi Msomali aliyejua Kiswahili akafasiri: mishipa ya ndani ya jicho inavuja damu; la kushoto limekwisha; la kulia watalipiga leza, lakini asiahidiwe kitu. Linaweza kukaa mwaka, linaweza kuvuja kesho. Nikamwambia daktari ataje dawa yoyote, ya nchi yoyote, mimi nitaileta. Nimeshaleta jenereta zima kutoka China kwenda kisiwani Pate. Muuguzi hakulifasiri hilo. Akanigusa mkono tu.

Tulipofika nyumbani nikamwongoza dada mpaka sebuleni, nikamsimamisha. Nilikuwa nimewasha taa zote ijapokuwa ni adhuhuri.

"Tazama mbele yako, dada."

Akasogea. Akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi. Akalipitisha lile jicho lake zima polepole, kutoka kwenye mtandio, kwenye nyusi, kwenye shavu, mpaka kwenye mwanya wa meno. Hapo akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka.

"Wee mtoto! Umemtundika muuza mahamri?"

"Muuza mahamri gani?"

"Yule wa mlango wa pili! Si ndiye huyu, na mwanya wake! Subhanallah, kafanana mpaka naisikia iliki."

"Dada, huyo ni mama."

"Mama?" Kicheko kikakatika. Akageuka, akanitafuta nilipo. "Nani kakwambia huyu mama?"

"Namkumbuka."

"Unamkumbuka huyu kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nakutuma kwake, na yeye anakaa chini kwenye kibao, uso wake usawa mmoja na wako, moto unammulika. Akikupa hamri moja ya ziada. Mama hakuwa na mwanya. Mama alikuwa mwembamba, mdogo wangu. Mweusi, mwembamba, na uso mrefu hivi."

Nikauliza kitu cha kipumbavu. Nikauliza, "Una hakika?"

"Nimetoka tumboni mwake kabla yako!"

Ndege ikapita juu ya nyumba, kama zipitavyo siku nzima Mirdif, vioo vikatetemeka. Kisha dada akakaa kitako kwenye zulia, akanivuta nikakaa karibu naye, na akaniambia kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinisemesha nikiwa na homa.

"Hukumtazama, na si kosa lako. Mama kutwa alikuwa anasuka ukili. Kichwa kimeinama. Majani ya miyaa mapajani, mkasi ubavuni, anasuka mpaka jua lizame. Wewe ulikuwa unacheza nyuma yake. Ulikuwa unamwona utosi."

Aliposema utosi, nikauona. Wallahi, niliuona pale pale: mstari wa nywele zilizogawanywa katikati, mnyoofu kama umepigwa rula, mafuta ya nazi yanang'aa, na mvi mbili tatu upande wa kushoto. Na mikono, ikienda, ikirudi. Nikangojea kichwa kile kiinuke. Nimekingojea mpaka leo.

Viza ya dada ilikuwa ya siku thelathini. Katika siku hizo zilikuwamo Ijumaa nne. Nilikwenda kwa msimamizi wa fundi kule kwenye ujenzi nikamwomba anipe mtu wake wiki moja tu. Nilizungumza naye kikubwa, nikamtajia majina ya watu wazito. Akaniambia, "Kila mtu ana haraka yake, baba," akavaa kofia yake ya plastiki akaondoka. Mimi, ambaye naweza kulisimamisha jahazi lingoje kreti moja ya vitunguu, sikuweza kuipata hata Jumamosi moja.

Ijumaa ya kwanza nikamchukua fundi kwa gari, maana hakuna treni inayofika Mirdif. Alipoingia sebuleni na kuiona kazi yake ukutani akatabasamu, kisha akaniona uso.

"Shikamoo, Bi mkubwa," akamwambia dada.

"Marahaba. Wewe ndiwe uliyemchora muuza mahamri?"

"Nilichora nilichoambiwa."

"Na umechora vizuri. Aliyesema ndiye kipofu, si wewe wala si mimi." Akaniashiria kwa kidevu, na wote wawili wakacheka, na mimi nikacheka pia kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Wakaanza upya. Dada hakujibu kama mimi. Yeye alifikiri. Fundi akiuliza, "Macho makubwa?" dada husema, "Si makubwa. Yamechoka." Fundi huuliza, "Yamechoka vipi, Bi mkubwa? Yameingia ndani au yamevimba chini?" Dada anasema, "Ngoja," anafumba macho yake, anakaa muda, anafumbua, anasema, "Chini. Lakini kidogo." Fundi hujaribu kwa penseli, dada anasogea mpaka pua inagusa, anatikisa kichwa, fundi anafuta. Siku nzima wakapata paji la uso na jicho moja.

Katikati ya wiki tulirudi kwa leza. Ijumaa ya pili wakapata macho mawili na daraja la pua, na wakagombana juu ya mdomo.

"Midomo hii umeitoa wapi? Umemfanya ananuna!"

"Ulisema hakuwa mtu wa kucheka ovyo."

"Sikusema ananuna! Alikuwa anashika mwaa kwa meno akigawa miyaa. Mdomo wake umekaa hivyo, kama umeshika kitu. Fanya kama umeshika kitu ambacho hakipo."

"Bi mkubwa, wewe ungekuwa msimamizi wetu tungekufa wote kwenye jengo."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na birika la chai. Kila walipopata kitu nilisogea kutazama. Nilikuwa nangojea kile kilichonipata Deira, yale machozi. Nilitazama lile paji la uso jembamba, yale macho yaliyochoka, nikangoja, na ndani yangu kulikuwa kimya kama ghala siku ya sikukuu. Alikuwa mwanamke fulani. Ningempita gatini nisimwamkie.

Ijumaa ya tatu wakamaliza pua na wakaweka rangi ya kwanza. Dada akasema shavu limekuwa jeupe mno, fundi akaongeza kahawia. Dada akasema, "Hapo hapo. Hapo hapo, usiguse tena." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisogeza jicho lake karibu, na nilimsikia akinong'ona jambo ambalo halikuwa langu wala la fundi. Palibaki mdomo na kidevu. Fundi akasema Ijumaa ijayo tunamaliza, inshallah.

Jumatatu asubuhi dada alimimina chai nje ya kikombe. Nilimwona. Aliinamisha birika kwa utulivu kabisa, na chai ikaenda juu ya meza, ikashuka kwenye zulia, na yeye anaendelea kumimina na anazungumza habari za nyumbani. Mke wangu akakimbilia kitambaa. Nikamuuliza, "Dada, jicho?" Akasema, "Mkono tu umetetemeka." Baadaye nikamwona anahesabu ukuta kwa vidole akielekea msalani. Nikamrudisha hospitali siku ile ile. Daktari akamulika, akazima taa yake, akamwambia muuguzi maneno machache. Damu imejaa ndani. Wangoje, pengine baada ya miezi itatulia, pengine watapasua. Dada akasema anaona vizuri tu, mwanga upo. Alikuwa anamwambia hivyo kabati.

Ijumaa ya nne fundi alikuja na brashi mpya. Nilimweleza ndani ya gari. Tulipokuwa tunaingia mtaani kwetu akasema, "Basi mdomo nitauweka mimi kwa akili yangu."

"Yeye atakwambia."

"Atanambia. Lakini ataona nini?"

Dada aliketi mahali pake, akaeleza mdomo upya, na kidevu, akauliza kila mara, "Umefanya?" na fundi akajibu, "Nimefanya, Bi mkubwa." Baada ya sala ya alasiri fundi akaweka brashi chini. Nikaiegemeza picha juu ya kiti mbele ya dada. Mwanamke mwembamba, mweusi, uso mrefu, mdomo umeshika kitu ambacho hakipo.

Dada akasogea, kama kawaida yake, mpaka pua ikakaribia. Akanyoosha kiganja bila kugusa rangi mbichi.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mama yetu. Mungu awape kheri."

Nikashusha pumzi. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini niliona kiganja chake kilivyokaa: hakikuwa mbele ya uso, kilikuwa mbele ya pembe ya picha, penye rangi tupu ya nyuma.

Sasa, katika kazi yetu tuna jambo tunalomfanyia mhakiki mpya wa mizigo. Akisema "nimeiona alama, ni yenyewe," hatumwamini kwa mara moja. Tunaigeuza katoni, tunaiondoa, tunamletea ya mtu mwengine bila kusema, tunamuuliza tena. Akisema tena "ni yenyewe," tunajua hakuona kitu, alitaka tu kutupendeza. Nimewafanyia hivyo watu wengi, nikawacheka mbele ya wenzao. Mwili wangu ulikwishazoea. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshasimama.

Niliitoa ile mbichi juu ya kiti. Nikaishusha ile ya zamani ukutani. Fundi aliponielewa akaanza kutikisa kichwa, akafungua mdomo bila sauti: bosi, usifanye. Nikaiweka juu ya kiti. Mwanamke wa mahamri akamtazama dada kwa ule uso wake wa mviringo, na mwanya, na kicheko.

"Dada, hebu tazama mara moja tena. Nataka niwe na hakika."

Akasogea. Pua ikakaribia rangi. Jicho lake likapita juu ya mashavu yale yaliyojaa, polepole, kama lilivyopita siku ile ya kwanza alipocheka mpaka mabega yakatikisika. Niliomba acheke. Nilisimama pale, na mikono yangu hii iliyoinua magunia, nikimwomba Mungu dada yangu acheke.

"Ndiye," akasema. "Mbona waniuliza mara mbili? Ndiye kabisa."

Fundi alikuwa anatazama zulia. Mimi nikasema, "Alhamdulillahi, dada." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Sikumwambia. Aliondoka wiki ile, mkono wangu umemshika mpaka mlango ambao huruhusiwi kuvuka bila tikiti, na kijana wa kiti cha magurudumu akampokea. Aliniagiza nimweke mama mahali wageni watamwona, nikaahidi, nikafanya. Yule mwembamba ndiye aliyeko sebuleni sasa, ndani ya fremu ya dhahabu. Macho na pua yake dada aliviona na kuvikubali. Mdomo ni wa fundi. Rangi ya shavu, sijui kama haikubadilika ilipokauka. Wageni huuliza, nami huwaambia kwa kifua mbele, mama yangu huyo, na wengine husema tumefanana, na mimi huwashukuru. Binti yangu alichora upya ule ukoo kwa kumtazama yeye, akapata alama nzuri.

Yule mwengine nilimrudisha Deira. Nilimtia ndani ya katoni mwenyewe, nikapaka jogoo juu yake ili asiguswe, akakaa nyuma ya ghala. Mchana wafanyakazi wakienda kula huwa naifungua. Ananitazama, na machozi hunitoka kila mara, halafu nakumbuka ni mke wa jirani aliyenipa hamri moja ya ziada, na bado hunitoka. Huyu namjua na si mama. Yule wa Mirdif pengine ndiye mama, na simjui, na hakuna wa kumuuliza.

Dada hupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Macho hayakurudi. Tunaulizana afya, halafu huniuliza neno lile lile.

"Mama yuko ukutani?"

"Yuko, dada."

"Taa umemwashia?"

Naenda nikaiwasha, ijapokuwa ni mchana, ili nikimjibu iwe kweli. "Nimemwashia."